Si Aibu Kugeuza Baiskeli

Hebu jione uko juu ya baiskeli, peke yako, kaskazini kabisa mwa nchi ya Norwei. Ni mwezi wa Juni. Saa inasema ni saa nne usiku, lakini jua bado lipo nyuma ya mawingu, kwa sababu huko halizami kabisa tangu katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai. Umebeba hema, begi la kulalia, sufuria na nguo zako zote kwenye keria. Hakuna mti hata mmoja. Hakuna duka. Kuna mawe, kuna bahari, na kuna upepo unaokupiga ubavuni kama mtu aliyekukasirikia. Mvua ni nyembamba lakini haikatiki. Kipimajoto kinasonga kwenye nyuzi 5. Kama unataka kujua hiyo ni baridi gani, tia mkono ndani ya friji ya soda, uuache humo tangu asubuhi mpaka jioni.

Unakwenda Nordkapp, jabali lenye urefu wa zaidi ya mita 300 juu ya bahari, ambako watu wengi wanaosafiri kwa baiskeli huko Ulaya hupenda kumalizia safari. Ipo kisiwani, na ili ufike huko unapita kwenye handaki lililochimbwa chini ya bahari. Lilifunguliwa mwaka 1999. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko. Lina urefu wa karibu kilometa 7, na katikati yake uko mita 212 chini ya usawa wa bahari.

Sasa angalia kinachotokea. Karibu kilometa tatu za mwanzo ni mteremko mkali. Hupigi pedeli, unashika breki tu, na upepo wa handaki unakupoza mpaka meno yanagongana. Kisha unaanza kupanda, karibu kilometa nyingine tatu, na mzigo wote ule. Unahema, unatoka jasho, shati limeganda mgongoni. Mwishowe unaona mwanga. Unatoka nje ukiwa umelowa jasho, umechoka, njaa inauma, na upepo ule ule unakungoja mlangoni. Mpaka Nordkapp bado kilometa zaidi ya 30.

Hapo uko katika hatari kubwa kuliko ulipokuwa unaingia. Ajabu ni kwamba wewe huioni hatari. Unaona umeshinda! Unajiambia, "Nimefika mbali, siwezi kusimama sasa."

Rafiki, makala hii inahusu sentensi hiyo moja.

KWANI SISI INATUHUSU NINI?

Swali zuri. Sisi tunaishi karibu na Ikweta, na wengi wetu tunajua baiskeli ya kwenda shuleni, sokoni au kisimani. Lakini kuna watu, vijana kwa wazee, wake kwa waume, ambao hutembea nchi za kaskazini kwa baiskeli kwa wiki au miezi, peke yao: Norwei, Iceland, Alaska, kaskazini mwa Kanada. Wengine huenda wakati wa baridi kali, kwa baiskeli zenye matairi manene au yenye misumari midogo ya kushika barafu.

Mwili wa watu hao ni mwili kama wako. Hauna mashine ya ziada. Wanaporudi salama, ni kwa sababu wamejifunza mwili unavyofanya kazi na wanaheshimu dalili zake. Na baridi inayoua si lazima iwe ya Norwei. Mtu akipanda Kilimanjaro au Mlima Kenya na nguo zikalowa, anaweza kupatwa na jambo lile lile.

JIKO LAKO LA NDANI

Mwili wako ni kama nyumba yenye jiko lisilozimwa. Ndani kabisa, penye moyo, mapafu na ubongo, joto linatakiwa liwe karibu nyuzi 37. Ukipata homa likafika 39 unalala kitandani. Sasa je, likishuka? Likifika chini ya 35, madaktari wanaita hali hiyo haipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi. Angalia vizuri: kutoka 37 mpaka 35 ni nyuzi mbili tu!

Mwili hauKubali kirahisi. Kwanza hufunga mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu, ili damu yenye joto ibaki ndani kulinda moyo na ubongo. Ndiyo maana vidole hupoa mapema. Mwili unavitoa sadaka. Pili, misuli huanza kutetemeka yenyewe. Kutetemeka si udhaifu, ni misuli inafanya kazi ili itengeneze joto. Lakini kazi hiyo inakula chakula kingi. Chakula kikiisha mwilini, au joto likishuka karibu na nyuzi 32, kutetemeka hupungua kisha hukoma.

Hapo mtu hujidanganya: "Afadhali, sasa nimezoea baridi." Hajazoea kitu. Jiko limeishiwa mkaa.

WEZI WANNE WA JOTO

Joto haliishi hivi hivi. Huibiwa. Wezi ni wanne, na mpanda baiskeli hukutana nao wote.

1. Upepo. Ngozi yako huvaa tabaka jembamba sana la hewa yenye joto. Upepo hulipeperusha, mwili hutengeneza jingine, nalo linapeperushwa. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilometa 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia baridi kama ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwenda kwa miguu anaweza kupata siku isiyo na upepo. Mpanda baiskeli hapati, kwa sababu anajitengenezea upepo wake mwenyewe. Siku tulivu ya nyuzi 5, ukishuka mlima kwa kasi ya kilometa 40 kwa saa, uso wako unasikia kama hewa imeshuka chini ya sifuri.

2. Maji. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Kwa hiyo mvua ya nyuzi 4 pamoja na upepo inaweza kukumaliza upesi kuliko baridi kavu iliyo chini ya sifuri. Na usisahau kwamba mvua nyingine hutoka ndani: hiyo ni jasho.

3. Njaa. Jiko bila mkaa ni bati tu.

4. Ardhi. Usiku ukilala juu ya udongo baridi, udongo unanyonya joto kutoka mgongoni mwako. Begi la kulalia hata liwe zuri namna gani, upande unaoulalia umebanwa na hauna hewa ndani. Ndiyo maana wasafiri hubeba mkeka wa sponji au wa kujaza upepo. Mkeka si anasa.

VUA KABLA YA MLIMA, VAA KABLA YA MTEREMKO

Wageni wa baridi hufikiri dawa yake ni koti moja kubwa. Wapi! Ukivaa koti zito ukaanza kupanda mlima, baada ya dakika kumi umelowa jasho, na koti lako limegeuka tambara la maji.

Wazoefu huvaa tabaka tatu. Ya ndani ni nyepesi, ya sufu au ya nailoni inayopitisha jasho. Ya kati ni ya kutunza joto, mfano sweta. Ya nje ni ya kuzuia upepo na mvua. Pamba hawaitaki kabisa. Fulana ya pamba ni nzuri sana Dar es Salaam au Mombasa, lakini kwenye baridi ikilowa haikauki, inakaa imekugandia kama kitambaa cha mgonjwa wa homa. Sufu hata ikilowa bado inatunza joto kiasi.

Wana kanuni mbili rahisi. Kwanza, anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na raha, baada ya robo saa utatoka jasho. Pili, vua kabla ya mlima, vaa kabla ya mteremko. Siyo katikati. Kabla! Inachosha kusimama kila mara, lakini ni afadhali kusimama mara kumi kuliko kulowa mara moja. Na siku zote kuna nguo kavu moja ndani ya mfuko wa nailoni, ambayo haivaliwi barabarani hata iweje. Hiyo ni ya hemani tu.

VIDOLE, PUA, NA PALE TUSIPOPATAJA

Mwaka 1900 dhahabu ilikuwa imepatikana Nome, pwani ya Alaska. Bwana mmoja aitwaye Ed Jesson alinunua baiskeli katika mji wa Dawson, Kanada, na mwezi Februari akaanza kuifuata njia ya barafu ya mto Yukon kwenda huko. Wenzake walitumia mbwa wa kuvuta sleji. Baridi ilikuwa kali hivi kwamba mafuta ya beringi yaliganda na magurudumu yakawa mazito. Pua yake ilianza kuganda, naye alitaka kuisugua, ila alikuwa bado hajui kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja!

Unaweza kucheka. Lakini kuganda kwa nyama ni jambo la kweli. Damu ikipungua kwenye vidole, pua, masikio au mashavu, na baridi ikiwa chini ya sifuri, maji yaliyo ndani ya nyama huganda kuwa barafu. Kwanza sehemu hiyo inauma. Kisha inachomachoma. Kisha haisikii kitu. Maumivu yakiisha bila wewe kufanya chochote, usifurahi. Kwenye ngozi nyeupe hubadilika rangi ikawa kama nta. Kwenye ngozi nyeusi rangi inaweza kupauka au kuwa ya kijivu na isionekane haraka, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Gusa: je, ni ngumu? Je, inasikia?

Zamani watu waliambiwa wasugue, hata kwa theluji. Leo tunajua ni kosa, maana vipande vya barafu ndani ya nyama vinachanachana. Usisugue. Usiweke motoni pia, kwa sababu mahali pasiposikia pataungua bila wewe kujua. Pua ifunike kwa kiganja chenye joto. Vidole vitie kwapani. Kama vimeganda kabisa, huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 mpaka 39, na tu kama una hakika havitaganda tena njiani. Kisha hospitali.

Na sasa tuseme wazi, kwa kuwa humu hatuoneani haya. Wavulana: upepo wa mbele hupiga mapajani na kwenye sehemu za siri, na kuna wapanda baiskeli na wakimbiaji ambao uume wao umepatwa na ganzi ya baridi, hata kuganda. Dawa ni chupi yenye kitambaa cha kuzuia upepo upande wa mbele. Wasichana: hedhi haiendi likizo kwa sababu umesafiri. Wasafiri wanawake hubeba pedi au vitambaa vya kutosha ndani ya nailoni, na hubadilisha wakiwa ndani ya hema badala ya kungoja mpaka wapate choo. Na wote, wake kwa waume: ukikaa kwenye siti siku nzima na nguo mbichi, utapata vidonda matakoni. Kaushika, jisafishe, badilisha. Kidonda kidogo cha makalioni kinaweza kumaliza safari kama pancha.

KULA KAMA MTU MWENYE KAZI

Mtu mzima wa kawaida huhitaji kalori kama 2,000 mpaka 2,500 kwa siku. Mtu anayeendesha baiskeli yenye mzigo tangu asubuhi hadi jioni kwenye baridi anaweza kuhitaji 4,000 au zaidi. Hakuna mtu anayeweza kuzila zote jioni. Kwa hiyo wasafiri hula kidogo kidogo kila saa: mkate wenye siagi, karanga, chokoleti, jibini. Mafuta na sukari, ambavyo nyumbani tunaambiwa tupunguze, kule ndio mkaa wa jiko.

Maji je? Kwenye baridi kiu hupungua, lakini maji bado yanakutoka kwa jasho, mkojo na pumzi. Ule moshi unaouona mdomoni ni maji yako yanaondoka. Kunywa bila kungoja kiu. Wasafiri wa barafu wana mbinu moja nzuri: chupa huigeuza kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda juu, na hivyo mdomo wa chupa hauzibi.

Pombe hapana. Ukinywa unasikia joto, kumbe mishipa ya ngozi imefunguka na joto la ndani linatoka nje. Ni kama kufungua madirisha yote wakati moto unakaribia kuzimika.

NANI ATAKWAMBIA KWAMBA AKILI IMEANZA KUONDOKA?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Ubongo nao ni kiungo, nao hupoa. Mtu anayepoa huanza kunung'unika na kukasirika ovyo. Kisha mikono haishiki: zipu haifungiki, funguo zinaanguka. Kisha anajikwaa. Kisha ulimi unakuwa mzito, anaongea kama mlevi. Kwenye hali mbaya kabisa, wengine husikia joto kali na kuvua nguo zote, na wameokotwa wamekufa wakiwa hivyo kwenye theluji.

Mkiwa wawili, mwenzako atakuona. Ukiwa peke yako, kifaa cha kupimia ndicho hicho hicho kilichoharibika. Yaani hakimu ndiye mshitakiwa.

Basi wasafiri wenye hekima hawangoji kuamua wakiwa wamepoa. Huamua asubuhi, akili ikiwa na joto, na kuandika: "Nikilowa mpaka nguo ya ndani, nasimama." "Upepo ukiniangusha mara mbili, nasimama." "Ikifika saa fulani sijafika mahali fulani, narudi." Mchana hawabishani na karatasi. Wengine hujipima kila saa: kidole gumba kiguse kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Kisipoweza, safari ya leo imekwisha. Na kila mmoja humwachia mtu ratiba yake: napita hapa, nitapiga simu siku fulani, nisipopiga, nitafuteni.

Wanorwei, ambao wamezaliwa na theluji mlangoni, walitunga kanuni za kutembea milimani mwaka 1952, baada ya ajali nyingi. Kanuni ziko tisa. Ya kwanza inakutaka upange safari na useme unakokwenda. Ya nane inasema ugeuke mapema, na kwamba kugeuka si aibu. Fikiri: watu wa baridi, mabingwa wa baridi, wameona lazima waandike kwamba si aibu! Kwa nini? Kwa sababu waliona watu wakiuawa na aibu. Baridi ilikuwa tu ndiyo silaha.

Chukua mfano wa Dervla Murphy, mama wa Ireland. Alipofikisha miaka 10 alipewa baiskeli na kitabu cha ramani, akaamua siku moja ataendesha mpaka India. Aliacha shule akiwa na miaka 14 ili amtunze mama yake mgonjwa, na tangu siku ya uamuzi ule alingoja zaidi ya miaka 20. Januari 1963 akaondoka peke yake, na majira yale yakawa moja ya majira ya baridi makali kuliko yote Ulaya katika karne ile. Je, alipigana na barafu ya Yugoslavia mpaka aanguke? La. Barabara ilipokuwa haipitiki, alipanda lori. Alipoweza tena, akaendesha. Mwezi Julai alikuwa Delhi. Hakuna anayemwambia leo kwamba hakufika kwa sababu ya lori. Aliandika vitabu zaidi ya 20 na akafariki mwaka 2022 akiwa na miaka 90.

MAMBO YAKISHAHARIBIKA

Turudi kwenye mlango wa lile handaki. Umelowa, unatetemeka, zipu inakushinda. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Ondoka kwenye upepo. Nyuma ya jiwe, ndani ya hema, ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Bisha hodi! Vua nguo mbichi zote, vaa kavu, ingia kwenye begi la kulalia, na mkeka uwe chini yako. Kofia kichwani. Kula kitu chenye sukari. Kunywa kitu cha moto chenye sukari kama unaweza kumeza bila kupaliwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa iweke kifuani au kwapani, wala si miguuni. Ukiona mwenzako yuko hivyo, usimsugue mikono na miguu. Akiwa haongei sawasawa au ameacha kutetemeka, mlaze, msimchezeshe ovyo, maana moyo uliopoa ni mwepesi kuharibika, na ita msaada. Norwei ambulensi ni namba 113, na 112 inafanya kazi karibu Ulaya nzima.

JIKO LA HEMANI NA JIKO LA CHUMBANI

Kuna kifo kingine cha wasafiri wa baridi ambacho hakina theluji hata kidogo. Mtu amechoka, nje kunavuma, anafunga hema vizuri na kuwasha jiko lake dogo ndani ili apike na apate joto. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, na mtu haamki.

Hapa hatuzungumzii Norwei tena, si ndiyo? Njombe, Mufindi, Limuru, Kabale: usiku wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa ni mbaya zaidi kwa sababu hauna hata moshi wa kukuonya. Gesi ni ile ile. Jiko la mkaa libaki nje, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Ukisikia kichwa kinauma au kichefuchefu ndani ya chumba chenye jiko, toka nje kwanza, toa na wengine, halafu ndiyo mjadiliane. Hili mwambie na mama, na mdogo wako, na wenzako wa bwenini.

JIPIME

1. Umepanda mlima, unatoka jasho, mbele kuna mteremko mrefu. Unafanya nini?
2. Ulikuwa unatetemeka sana, sasa umeacha, ila nguo bado mbichi. Ni habari njema?
3. Rafiki anakwambia konyagi kidogo itakupa joto. Unamjibu nini?
4. Zimebaki kilometa 30, wenzako nyumbani wanangoja picha yako ukiwa Nordkapp, na kidole gumba hakifiki kidole cha mwisho. Unaendelea?

Majibu: (1) Simama juu, kabla ya kushuka, funga koti la upepo. (2) Hapana. Jiko linaishiwa. Tafuta kinga, nguo kavu na msaada mara moja. (3) Inakupa hisia ya joto na kukuibia joto lenyewe. (4) Jibu ulishaliandika asubuhi. Lisome.

Swali la nne ndilo gumu, na utakutana nalo hata kama maisha yako yote hutaiona theluji. Utakuwa kwenye mto uliofurika wakati wenzako wameshavuka. Utakuwa kwenye gari ambalo dereva amelewa. Utakuwa chumbani na mtu anayekwambia "tumeshafika mbali, huwezi kuacha sasa." Wanaosafiri peke yao kwenye baridi ya kaskazini wamejifunza kwamba umbali uliokwisha kwenda si sababu ya kuendelea. Wanachotazama ni hali yao ya sasa, na mahali pa kujikinga palipo karibu.

Nordkapp haihami. Jabali lile litakuwepo kesho, na mwakani pia. Piga hema, kula, lala. Kesho upepo ukitulia utaendesha. Usipotulia, geuza baiskeli, rudi nyumbani, ukatusimulie.